Kichwa cha zimwi kinacheza na kinachemka: vazi la tatu nianze kurekebisha nini?

Mkata_Sponji
Wakuu, hili ni vazi la pili ninalotengeneza, la mtu kuvaa awe zimwi la manyoya. Kichwa nimetumia sponji ya godoro ya sentimita 5 na gundi ya bunduki. Likikaa juani viungo vinaachia. Ukigeuza shingo, kichwa kinabaki kinatazama mbele. Dakika kumi tu, plastiki ya macho imejaa mvuke. La tatu nataka taya lifunguke pia. Nianze na kipi?

FundiKinyago
Anza na gundi. Ya bunduki huyeyushwa kwa joto, kwa hiyo joto huirudisha ulaini; ibakize kwenye meno na kucha. Viungo vya sponji tumia gundi ya fundi viatu. Paka pande zote mbili, nyembamba, subiri dakika 5 hadi 10 mpaka isinate kidoleni, ndipo ukutanishe na ukandamize kwa nguvu. Wengi hukosea hapa: wanabandika ikiwa mbichi, kimiminika kinafungiwa ndani, kiungo hakishiki. Ikishika haina marudio, kwa hiyo weka alama kabla. Fanyia nje, mbali na moto, maana mvuke wake unawaka na unaumiza kichwa.

Sponji ya sentimita 5 ni nene mno kwa fuvu. Sentimita 2.5 inatosha, mashavu na nyusi ongezea vipande juu yake.

Bi_Sindano
Kucheza kunatokana na kipimo. Mvaaji avae kofia ya kuogelea, mzungushie plastiki ya kufungia chakula, kisha mkanda mpana wa gundi tabaka tatu. Pua na mdomo viachwe wazi kabisa, na mtu wa pili ndiye akate kwa mkasi wa ncha butu. Kabla ya kukata chora mstari wa katikati, usawa wa macho na mahali pa masikio. Ganda utakalovua ligawanye vipande mpaka kila kimoja kilale bapa mezani: hiyo ndiyo pateni yako, kielelezo cha kukatia sponji. Sponji ikatwe kwa wembe mpya uliosimama wima. Wembe ukiinama, kiungo kinabaki na mwanya.

Ndani ya kichwa bandika vipande vidogo vya sponji kwenye utosi, kisogo na pembeni mwa paji, na mkanda wa kidevuni. Usijaze pote, hewa ipite katikati yake.

Taya: bawaba ikae sawasawa na kiungo cha taya la mvaaji, mbele kidogo ya sikio. Ikishuka chini, kidevu kinateleza na taya halifuati mdomo. Kidevu kishikwe na mkanda, lastiki mbili zilirudishe juu. Ncha ya taya la zimwi ikiwa mbali na bawaba mara mbili ya kidevu cha mvaaji, nayo itafunguka karibu mara mbili, kwa hiyo mdomo mrefu hauhitaji kufunguliwa sana.

FundiKinyago
Macho: ondoa plastiki, weka wavu mweusi, uuchore kwa nje tu. Usogeze karibu na macho ya mvaaji, ndipo ataona kwa upana. Feni ya kompyuta ya volti 5, sentimita 4, iendeshwe na pawabenki. Iweke juu ikitoa hewa nje, mdomo uwe njia ya kuingiza. Waya uwe mbali na nywele.

Mkata_Sponji
Manyoya je? Yangu yana mistari ya mishono waziwazi.

Bi_Sindano
Umekata kwa mkasi kutoka juu. Geuza, kata kitambaa tu kwa wembe kutoka nyuma. Kila kipande chora mshale wa mlalo wa manyoya. Ukishashona, chomoa kwa sindano nywele zilizonaswa, kisha chana. Usoni yapunguze kwa mashine ya kunyolea, kidogo kidogo, ukifuata mlalo.

Pateni ya zamani usiitupe. Andika juu yake kila ulichobadilisha. Na kabla ya kubandika manyoya, kichwa cha sponji kivaliwe nusu saa, atembee, apande ngazi akiwa na msaidizi. Panapobana, hapo ndipo unapunguza.