Tupeane uzoefu: adui mkuu mwenye nguvu kupita kiasi kwenye kampeni, mlimkabili vipi?

MlinziWaRamani:
Wakuu, uzi huu ni wa wanaoendesha na wanaocheza michezo ya kuigiza ya mezani: msimamizi anasimulia kisa na kuwachezesha maadui, kila mchezaji ana mhusika wake, kete zinaamua, na kisa kirefu cha vikao vingi ndicho kampeni. Tusimuliane kuhusu yule adui ambaye kundi zima halimwezi.

Naanza. Naendesha Dungeons & Dragons toleo la tano, na adui wetu ni joka jekundu la kale. Pumzi yake ya moto inakuondolea pointi za uhai kwa kete 26 za pande sita, wastani 91. Mpiganaji wa ngazi ya tano ana pointi za uhai 44 hivi, kwa hiyo hata akifaulu kukwepa, nusu tu ya moto ule inamlaza chini. Hapo hakuna pambano. Nikalipatia joka shida: limeibiwa kitu, kimefichwa kwenye mahandaki ambayo mwili wake hauingii. Linawahitaji wachezaji wakiwa hai. Wanalitumikia kwa hasira, huku wanalichunguza. Kikao kimoja mchezaji wa kasisi akauliza, "Mbona halitoki kukiwa na ukungu?" Sikuwa nimepanga lolote, lakini swali lilikuwa zuri mno. Tangu siku hiyo ukungu ndio udhaifu wake.

KeteYaMwisho:
Mimi ni mchezaji. Sisi tulitoroka, na nasema kwa fahari. Kulikuwa na shujaa mmoja aliyetupiga kila tulipokutana naye. Adui mkuu akamtamkia neno moja, akafa papo hapo. Ni lile tambiko, yaani tendo la uchawi, la ngazi ya tisa: ukiwa na pointi 100 za uhai au pungufu, umekwisha, hakuna kete ya kujiokoa. Kwa kuwa tulijua uwezo wa yule shujaa, hatukuhitaji kuambiwa kitu. Msimamizi naye alishatutahadharisha kikao cha kwanza kwamba si kila vita vimepimwa kwa kimo chetu. Bila tahadhari hiyo tungepigana hadi wa mwisho.

Mwanaparapanda:
Kutoroka mara moja sawa, mkuu. Adui anayekuja, anatamba, anaondoka bila kuguswa, kikao baada ya kikao, anachosha. Kila anapotokea, wachezaji waondoke na kitu: mateka waliookolewa, barua, hata jina la mtumishi wake.

Wetu alikuwa lichi, yule mchawi mfu. Ukimuua anapata mwili mpya baada ya siku ambazo kete ya pande kumi inaamua, mradi chombo kilichobeba roho yake kipo salama. Basi tukaamua kumuua tukijua atarudi, tupate muda wa kukitafuta na kukivunja. Mara tatu kwa siku aliweza kugeuza tambiko lililompata kuwa lililomkosa, hivyo tulianza na matambiko yetu ya bei ndogo ila ya kuudhi, mpaka akazimaliza zote tatu. Ndipo mchawi wetu akatoa lile kubwa. Lichi alipoanguka, msimamizi alirusha kete nyuma ya kiwambo chake na hakutuonyesha. Kuanzia hapo kila tulipotaka kulala usiku mmoja tuligombana.

KeteYaMwisho:
Mlikipata?

Mwanaparapanda:
Siku ya sita. Alikuwa amesharudi siku ya nne, anatungoja pale pale kilipo. Lakini tulifika na wale mateka tuliowaokoa, watu thelathini, na kila mmoja wao alikuwa na nyundo.