Je, chati zinaweza kutabiri bei ya Bitcoin, au zinaeleza tu yaliyokwisha kupita?

Mgeni_Sokoni ameuliza:

Wakuu, heshima kwenu. Nimejiunga na kundi moja la mtandaoni linalofundisha biashara ya sarafu za kidijitali kwa ada ya kila mwezi. Mwalimu wetu husisitiza kwamba hakuna haja ya kufuatilia habari, siasa wala uchumi, kwa kuwa kila kitu kimo ndani ya chati. Juzi alituonyesha chati ya Bitcoin ambayo wastani wa bei wa siku 50 ulikuwa umepanda na kuupita wastani wa siku 200, akauita msalaba wa dhahabu, akatutaka tununue kabla bei haijapaa. Alituonyesha pia mifano ya nyuma ambapo msalaba huo ulifuatwa na kupanda kwa bei, na kwa kweli mifano yenyewe ilishawishi.

Siulizi kama mwalimu huyu ni tapeli, maana hilo naweza kulichunguza mwenyewe. Nataka kujua kama uchambuzi wa chati, kwa asili yake, una uwezo wa kutabiri bei za sarafu hizi, na kama unao, ni kwa kiasi gani na katika mazingira yapi. Naomba hoja zinazoweza kupimwa, si ushuhuda wa waliopata faida.

Karani_wa_Takwimu amejibu:

Ndugu Mgeni, kwa kuwa umeutaja msalaba wa dhahabu, tuanze nao huohuo, kwa sababu historia yake katika Bitcoin iko wazi na yeyote mwenye simu anaweza kuikagua.

Katikati ya Februari 2020, bei ikiwa karibu na dola 10,000, wastani wa siku 50 uliupita ule wa siku 200, na waliofuata kanuni wakanunua. Tarehe 12 Machi, hofu ya korona ilipoyakumba masoko ya dunia nzima, Bitcoin ilianza siku ikiwa karibu dola 7,900 na kuimaliza ikiwa chini ya 5,000. Baadaye mwezi huohuo ikajitokeza ishara ya kinyume, ile inayoitwa msalaba wa kifo, ambayo humwambia mtu auze. Bei wakati huo ilikuwa dola elfu sita na ushee. Aliyeuza aliishuhudia ikirudi 10,000 mwezi Mei, na mwaka ukafungwa ikiwa karibu na 29,000. Kwa maneno mengine, aliyetii ishara zote mbili alinunua karibu na kilele na kuuza karibu na bonde, tena ndani ya wiki chache tu.

Sasa tazama upande wa pili. Msalaba wa kifo wa Januari 2022 ulitokea bei ikiwa kwenye dola 42,000 hivi, na kufikia Novemba mwaka huo, soko la FTX lilipofilisika, bei ilikuwa imeshuka chini ya 16,000. Hapo ishara ilisema kweli. Mwalimu anayetaka kukuuzia somo atakuonyesha 2022 na kuinyamazia 2020, nami nikitaka kukukatisha tamaa naweza kufanya kinyume chake. Misalaba ya aina hii katika umri wote wa Bitcoin ni michache mno kuweza kuthibitisha kanuni yoyote, na ndiyo maana mifano ya kuchagua haina uzito wa ushahidi.

Sababu ya kuchelewa kwake ni ya kihesabu. Wastani wa siku 200 ni jumla ya bei 200 zilizopita ikigawanywa kwa 200, kwa hiyo bei ya leo inaubadilisha kidogo sana. Misalaba hujitokeza baada ya bei kuwa imekwisha kusafiri mbali, na kama safari imekaribia mwisho, wewe unapanda chombo kinachotia nanga.

Kipimo cha RSI, alichokibuni J. Welles Wilder mwaka 1978, nacho kina tatizo linalofanana na hilo. Huchukua wastani wa kupanda na wastani wa kushuka katika vipindi 14, kisha huvilinganisha: ikiwa wastani wa kupanda ni dola 300 na wa kushuka ni dola 100, uwiano ni 3, na RSI inakuwa 75. Vitabu vinasema ikipita 70 soko limenunuliwa kupita kiasi, yaani bei inatarajiwa kushuka. Mwezi Novemba 2020 RSI ya wiki ya Bitcoin ilikuwa imeshapita 70, bei ikiwa bado chini ya dola 20,000. Wiki chache baadaye, mwanzoni mwa Januari 2021, bei ilikuwa imepita 40,000. Namba ilieleza kwa usahihi kwamba bei ilikuwa imepanda kwa kasi, lakini haikuwa na habari yoyote kuhusu mwisho wa kasi hiyo.

Dau_la_Pwani amejibu:

Nakubaliana na hesabu za Karani, ila nadhani ameishia nusu ya njia. Mimi hutumia chati kila siku na sijawahi kuzichukulia kama ramli. Sisi tunaozitumia kwa muda mrefu hatuulizi bei itakwenda wapi, tunauliza ni wapi tutakubali kwamba tumekosea.

Chukua mfano wa mtu mwenye mtaji wa shilingi 1,000,000 aliyeamua kwamba biashara moja isimle zaidi ya asilimia 1, yaani shilingi 10,000. Anaona kwenye chati kwamba bei imegonga eneo fulani mara kadhaa na kuruka juu, eneo tunaloliita sapoti, nalo liko asilimia 5 chini ya bei ya sasa. Anaweka amri ya kujitoa chini kidogo ya hapo, na kwa kuwa umbali ni asilimia 5, ukubwa wa biashara yake unapaswa kuwa shilingi 200,000, si mtaji wote. Sapoti ikivunjika, amepoteza alichokikadiria. Ikishikilia na bei ikapanda asilimia 10, amepata shilingi 20,000. Kwa mpangilio huo, mtu anayepatia mara nne tu katika kila biashara kumi bado anabaki na faida kabla ya makato ya soko, ijapokuwa "utabiri" wake hukosea mara nyingi kuliko unavyopatia.

Kinachowamaliza vijana wengi ni mkopo wa soko kuliko chati. Ukifungua biashara kwa mara 20 ya fedha yako, mwendo wa asilimia 5 dhidi yako unafuta dhamana yote, na kwa Bitcoin mwendo wa namna hiyo unaweza kutokea wakati umelala. Unaweza kuwa umeusoma mwelekeo sawasawa na bado ukafungiwa biashara kwa lazima kabla bei haijafika ulikosema itafika.

Mama_Ukaguzi amejibu:

Niongeze jambo ambalo hamjaligusa. Hoja zote hapo juu zinadhani kwamba chati inaonyesha biashara halisi kati ya watu wengi wasiojuana. Kwa Bitcoin na Ethereum katika masoko makubwa, hilo linakubalika kwa kiasi. Kwa sarafu ndogo, hapana.

Mwezi Machi 2019 kampuni ya Bitwise iliwasilisha kwa tume ya dhamana na masoko ya Marekani uchunguzi wake uliodai kwamba takriban asilimia 95 ya ujazo wa biashara ya Bitcoin, yaani kiasi kilichonunuliwa na kuuzwa, ulioripotiwa na masoko ulikuwa wa uongo au usio na maana ya kiuchumi. Kama hali ilikuwa hivyo kwa sarafu kubwa kuliko zote, fikiria sarafu inayoshikiliwa na watu wachache ambao wanaweza kuuziana wenyewe kwa wenyewe na kuchora mishumaa wanayoitaka, yaani zile alama za chati zinazoonyesha mwendo wa bei katika kipindi kimoja. Mchambuzi anayesoma ujazo huo anasoma alichoandikiwa.

Kuhusu dai la mwalimu kwamba kila kitu kimo ndani ya chati, tarehe 9 Januari 2024 akaunti ya tume hiyohiyo ya Marekani kwenye mtandao wa X ilidukuliwa, ikatangaza kwa uongo kwamba mifuko ya uwekezaji ya Bitcoin inayouzwa kwenye masoko ya hisa imeidhinishwa. Bei ilipanda ghafla, kisha ikaanguka mara tu tangazo lilipokanushwa. Idhini ya kweli ilitoka kesho yake. Hakuna mstari, umbo wala wastani ambao ungeweza kumwambia mtu kwamba mdukuzi ataandika nini saa hiyo. Sarafu ya LUNA nayo, Mei 2022, ilianguka kutoka makumi ya dola hadi chini ya senti moja ndani ya siku chache, na njiani ilivunja kila sapoti iliyochorwa, kwa sababu kilichokuwa kinabomoka ni utaratibu wa sarafu yenyewe.

Kwa hiyo, mwombe mwalimu wako jambo moja: aandike utabiri wake kabla, ukiwa na tarehe, bei ya kuingia, bei ya kutoka na bei ya kukubali kosa, na asiufute. Baada ya miezi kadhaa linganisha matokeo na mtu aliyenunua na kukaa tu bila kuangalia chati yoyote, ukiondoa makato ya soko na kodi.

Mgeni_Sokoni ameandika:

Nawashukuru nyote, Mama Ukaguzi na ndugu zangu. Nimeanza kuandika kama nilivyoshauriwa, lakini nimekutana na jambo linalonitatiza. Mwalimu alisema mshumaa wa jana wa Bitcoin umefungwa kwa umbo la nyundo, yaani bei ilishuka sana kisha ikarudi juu kabla siku haijaisha, ambalo ni ishara ya kugeuka, ila kwenye simu yangu, soko lilelile na siku ileile, sioni nyundo. Ni nani kati yetu anaona vibaya?

Karani_wa_Takwimu amejibu:

Inawezekana kabisa kwamba hakuna anayeona vibaya. Soko la hisa la Dar es Salaam au la Nairobi lina saa ya kufungua na saa ya kufunga, kwa hiyo mshumaa wa siku una mwisho wake wa asili. Bitcoin inauzwa saa 24 kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, na "siku" ni makubaliano tu. Programu nyingi hufunga mshumaa wa siku saa sita usiku kwa saa ya dunia (UTC), ambayo kwetu Afrika Mashariki ni saa tisa usiku. Baadhi ya programu huruhusu siku ihesabiwe kwa saa za mahali ulipo, na hapo mshumaa wako unafungwa saa tatu mapema. Bei ikiwa imeshuka jioni na kurudi juu kati ya saa sita na saa tisa usiku, chati ya mwalimu itaonyesha nyundo, wakati yako itaonyesha mshumaa mwekundu wa kawaida, yaani wa siku iliyofungwa bei ikiwa chini ya ilipoanzia.

Fungua mipangilio, badilisha saa iwe UTC, kisha utazame tena. Nyundo ikitokea, iandike kwenye daftari lako ukiweka saa zote mbili, kisha ufanye hivyo kwa kila umbo atakaloonyesha mwalimu. Idadi ya yale yanayotoweka kwa kuhamisha saa tatu tu inafaa kuingia kwenye ukaguzi wako.