Tupeane uzoefu: kupanga klasi za programu ya bao kwa anayeanza

Mwanzisha mada (Mikindani)

Wakuu, habari za jioni. Anayejifunza Python akishamaliza vitanzi na orodha, mchezo wa ubao ni zoezi zuri sana, na kwetu huku bao ndilo la kuanza nalo: kanuni mtu anazo kichwani, na asipokuwa nazo atazipata barazani. Tubaki na bao la kujifunza: mashimo 32, kete mbili kila shimo, jumla 64, bila namua (hatua ya mwanzo ya kuingiza kete za akiba) wala nyumba (shimo maalumu la mbele). Semeni klasi zipi (yaani violezo vya kuundia objekti, zenye data na kazi zake), zinabeba nini, na wapi huharibika.

Naanza mimi. Klasi tano zinatosha: Upande, Ubao, Kanuni, Mchezaji, Mchezo. Upande unashika orodha ya namba 16. Ubao unashika pande mbili. Kanuni inajibu mwendo upi ni halali na zamu inaishia wapi. Mchezaji anachagua mwendo, basi. Mchezo unapokeza zamu na kutangaza mshindi. Kuonyesha ubao kwenye skrini kuwe na faili yake peke yake. `print` ikiingia ndani ya Kanuni, mashine itakapoanza kujaribu miendo kimoyomoyo kabla ya kuchagua, skrini itajaa mabao ambayo hakuna aliyeyacheza.

Mdau wa Masasi

Naongezea la kwanza ambalo wanaoanza hulikosea: Kete isiwe klasi. Wakifundishwa kwamba kila kitu ni objekti wanaunda objekti 64 na kuzihamisha moja moja. Komwe, yaani kete, la shimo hili halitofautiani na komwe la shimo lile, halina jina wala hali. Kinachohitajika ni idadi tu. Hata Shimo sioni kama linastahili klasi. Ni namba ndani ya orodha.

Drafti ni habari nyingine. Kule kete ina rangi, na ikifika mwisho inageuka kingi, kwa hiyo klasi ya Kete ina kazi ya kufanya. Kabla hujaandika `class`, jiulize kama kitu hicho kina hali yake inayobadilika, na kama kuna jambo kitaulizwa.

Mwalimu, Newala

Mkuu wa Masasi yuko sahihi. Kubwa zaidi kwangu ni namna ya kuhesabu mashimo, maana ukikosea hapo utaandika `if` hadi uchoke.

Kila mchezaji ahesabu upande wake mwenyewe. Safu ya mbele, kutoka kushoto kwake kwenda kulia, ni 0 hadi 7. Safu ya nyuma inarudi kutoka kulia kwenda kushoto, 8 hadi 15. Hapo upande mzima unakuwa duara, na shimo linalofuata ni `(i + mwelekeo) % 16`, ambapo mwelekeo ni 1 au -1. Shimo la mpinzani linalotazamana na lako la mbele ni `7 - i`. Vichwa, yaani mashimo ya mwisho ya safu ya mbele, ni 0 na 7; kimbi, yanayopakana navyo, ni 1 na 6. Hakuna haja ya msimbo mmoja wa mchezaji wa kaskazini na mwingine wa kusini. Wote wawili wanatumia klasi ileile ya Upande.

Tahadhari kwa atakayehamia Java au JavaScript: kwenye Python `-1 % 16` inatoa 15, lakini huko inatoa -1. Andika `(i + mwelekeo + 16) % 16` na utakuwa salama kote.

Mdau wa Lindi Mjini

Asante Mwalimu. Panapoleta makosa mengi ni kusambaza, kwa sababu kuna mianzo miwili. Ukichota kete za shimo lako, ya kwanza inaangukia shimo *linalofuata*. Ukila, kete ulizokula zinaanzia *kwenye kichwa chenyewe*. Ukitumia mbinu (fanksheni ya klasi) moja kwa yote bila kutofautisha, kila ulaji utasogea shimo moja. Iandike hivi: `sambaza(idadi, shimo_la_kwanza, mwelekeo)`, irudishe shimo ilipoangukia kete ya mwisho, na anayeita ndiye aamue la kwanza ni lipi.

Ulaji unaendeleza mwelekeo uliokuwa nao: ukienda kulia unaanzia 0, ukienda kushoto unaanzia 7. Ila ukila ukiwa kichwani au kwenye kimbi, unaanzia kichwa cha upande huohuo, hata kama mwelekeo unageuka.

Jaribio la kupima msimbo wako: bao jipya, kete mbili kila shimo, cheza shimo la 3 kwenda kulia. Unakula mara nne, mashimo ya mpinzani namba 2, 6, 5 na 4 kwa mpangilio huo, kisha unalala (zamu inaisha) shimo la 1. Upande wako unabaki na kete 40, wa mpinzani 24. Shimo lako la 0 lina kete 7. Ukipata tofauti, chapisha kila mzunguko ufuate kwa mkono kwenye bao la mti, utaona ulipopotea.

Na kila zamu ikiisha, hakikisha kwa `assert` (programu inasimama sharti lisipotimia) kwamba jumla ni 64. Ikizidi, umesahau kufuta shimo la mpinzani baada ya kula.

Mdau wa Nachingwea

Anayeng'ang'ania safu nne badala ya duara asiandike `[[2]*8]*4`. Hiyo ni safu moja iliyotajwa mara nne. Ukibadilisha shimo moja, safu zote nne zinabadilika.

Ndugu wa kosa hilo ni `nakala = mashimo`. Hiyo si nakala, ni jina la pili la orodha ileile, na mashine ikijaribu mwendo inakuwa imeucheza kweli. Orodha bapa ya Mwalimu inanakiliwa kwa `mashimo[:]` na imekwisha. Ipe klasi ya Ubao mbinu ya `nakili()`.

Mwanzisha mada (Mikindani)

Na urithi, yaani klasi moja kuchukua sifa na mbinu za nyingine, je? Kuna wanaoandika Mchezo ukirithi Ubao.

Mdau wa Kilwa

Hapana, mkuu. Mchezo una ubao ndani yake. Urithi unafaa kwa Mchezaji: binadamu na mashine wote wana mbinu moja, `chagua(ubao, miendo)`, na Mchezo haujali nani anajibu.

Mwalimu, Newala

Niongeze kuhusu Kanuni, maana tumeipita haraka. Kula ni lazima, kwa hiyo `miendo_halali` ikusanye kwanza miendo inayokula. Ikikosekana kabisa ndipo irudishe ya kutakasa, yaani kusambaza bila kula. Shimo la kete moja halichezwi, na lenye kete 16 au zaidi haliwezi kuanza kwa kula. Mwendo ulioanza kwa kutakasa hauli tena mpaka uishe, hata kete ya mwisho ikiangukia pazuri. Kwa hiyo `anatakasa` iwekwe mara moja mwanzoni mwa zamu na isiguswe tena. Iwe kigeu cha ndani ya mbinu. Ukiifanya sifa ya objekti itabaki `True` hadi zamu ya mwenzake, naye atashangaa kwa nini hawezi kula.

Mdau wa Lindi Mjini

Mwalimu amenikumbusha kitanzi cha zamu. Tumieni `while`, si fanksheni inayojiita yenyewe. Python kwa kawaida inagoma karibu na miito 1000. Halafu kuna mipangilio ya bao ambayo mwendo hauishi kabisa, kete zinazunguka tu. Hesabu mizunguko, weka kikomo, tuseme 500, na ikifika hapo Kanuni irudishe kwamba mwendo huo si halali. Bila hivyo kompyuta itaonekana imeganda na mwanafunzi atatafuta kosa ambalo halipo.