Tupeane uzoefu: siku za mwanzo za kuacha pombe au unga (heroini) zilikuwaje kwenu?

Wakuu, habari zenu. Ulevi tunausimulia sana, ila zile siku za kuacha watu hawazisemi. Naanza na yangu.

Kaka yangu alikunywa pombe kali kila siku kwa zaidi ya miaka kumi, tena anaanza kabla hajanawa uso. Siku moja akasema basi, naacha. Nyumba nzima tulishangilia, mama akamwaga kila chupa aliyoiona. Jioni mikono ikaanza kutetemeka. Kikombe anakishika kwa mikono miwili na chai bado inamwagikia kifuani. Tukasema itapita. Usiku wa pili akaanguka kifafa, mtu ambaye hajawahi kuugua kifafa. Siku ya tatu akawa anaokota vitu kwenye shuka, analia tumtolee wadudu. Shuka jeupe, halina hata uzi.

Hospitali ndipo tulipoelezwa. Ubongo ukizoea kutulizwa na pombe miaka mingi, ukikatiwa ghafla unalipuka. Kutetemeka huanza baada ya saa chache, kifafa mara nyingi ndani ya saa 48, kisha huko kuweweseka, ambako kunaweza kuua. Alipewa dawa za kutuliza zikawa zinapunguzwa taratibu, pamoja na sindano za vitamini B1. Yuko hai. Ila mama yangu hadi leo hataki kusikia habari za zile chupa.

Karibuni.

—

Pole sana mkuu. Mimi nilikuwa mtumiaji wa unga. Arosto, yale mateso ya kukosa unga, haikuniua ingawa niliitamani iniue: mifupa inauma, kuharisha, kutapika, miguu haitulii kitandani. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Kilichonivusha ni methadoni, dawa ya hospitali inayoshika nafasi ya unga, nakunywa dozi mara moja kwa siku mbele ya nesi. Wapo wanaosema nimebadilisha ulevi tu. Waseme. Nafanya kazi na watoto wangu wananijua.

Ninachotaka mjue ni hiki. Rafiki yangu alikaa miezi minne bila kugusa. Akateleza siku moja, akapiga kipimo chake cha zamani. Mwili ulishakisahau, akaacha kupumua. Wengi hudhani aliyekwisha kuacha yuko salama, kumbe akirudia ndipo anapokuwa hatarini zaidi.

—

Mimi ni mke. Mume wangu aliacha mara tatu, akarudia mara tatu. Kilichonichosha ni kukagua: nyuma ya kabati, ndani ya buti, chini ya kiti cha gari. Sasa ana mwaka na miezi miwili, na mkono wangu bado unaingia kwenye yale mabuti nikifagia.

—

Jamani naomba msaada. Mdogo wangu ameacha pombe tangu jana asubuhi. Hajalala, jasho linamtoka, anatetemeka. Anasema ni malaria. Nimsubiri hadi kesho?

—

Usisubiri ndugu yangu, mpeleke sasa hivi, hata kama anakataa. Mwambie daktari ukweli: anakunywa nini, kiasi gani, mara ya mwisho lini. Usipunguze kwa aibu. Sisi tulisema "huwa anaonja tu", wakaanza kumpima malaria, na muda ukapotea bure. Ukifika hospitali tuandikie, tupo macho.