Wamaya kuhama miji yao: ukame, au ukame unasingiziwa?

TopeLaZiwa: Wakuu, kilichowahamisha Wamaya, wenyeji wa Meksiko na Amerika ya Kati, mimi nasema ni ukame. Tope la Ziwa Chichancanab, Meksiko, lina matabaka ya jasi. Maji yakipungua, chumvi inazidi, jasi inaganda na kutua chini. Ikiganda hufungia ndani yake maji ya siku zile. Mwaka 2018 watafiti waliyapima wakakokotoa kwamba mvua ilipungua kwa asilimia 41 hadi 54, kipindi cha 800 hadi 1000 BK hivi. Jiwe la mwisho la kumbukumbu lenye tarehe katika mji wa Tikal ni la 869; mji wa Toniná, 909; baada ya hapo kimya. Hesabu inakubali.

BomaLaMiti: Haikubali yote, mkuu. Mji wa Dos Pilas ulianguka 761, kabla ya kipindi hicho. Waliobaki walibomoa mawe ya kasri na mahekalu yao wenyewe, wakayapanga kuzunguka uwanja yawe msingi wa boma la miti. Hiyo ni vita. Halafu mbona mji wa Chichén Itzá, kaskazini kukavu zaidi, ulistawi miji ya kusini ikifa?

TopeLaZiwa: Kina cha maji. Kaskazini kuna senote, mashimo ya asili yanayofika maji ya ardhini; unashusha chombo tu. Tikal haina mto, na maji ya ardhini yako chini mno. Waliishi kwa malambo: viwanja vilisakafiwa kwa chokaa na kuinamishwa ili mvua itiririkie lamboni. Lisipojaa kabla ya kiangazi, imekula kwenu. Tena utafiti wa 2020 ulikuta zebaki na mabaki ya mwani wenye sumu kwenye malambo ya katikati ya mji. Zebaki ilisombwa na mvua kutoka rangi nyekundu ya majengo, iliyokuwa na zebaki ndani yake. Na sumu ya mwani ule haiondoki kwa kuchemsha.

PatasiKavu: Mji wa Copán je? Una mto mlangoni. Tazameni Altari L, jiwe la kuchongwa la huko, la 822. Upande mmoja umekamilika, mfalme mpya ameketi akitazamana na aliyemtangulia. Upande wa pili kuna mtu mmoja, kazi imeachwa njiani. Pande mbili zilizobaki ni tupu. Kilichokatika pale ni ufalme, si maji. Na tuache kusema “walitoweka”: Lamanai, Belize, watu waliendelea kuishi kando ya maji mpaka Wahispania wakawakuta, na lugha za Kimaya zinasemwa na mamilioni leo.

TopeLaZiwa: Copán nakuachia. Tikal sikupi.