Tupeane uzoefu: Ni sura gani ya Attack on Titan iliyokufanya ushindwe kuchagua upande?

Mwanzisha mada

Wanajukwaa, habari zenu. Naomba leo tupeane uzoefu kuhusu jambo moja tu katika manga (hadithi ya katuni ya Kijapani) ya Attack on Titan ya Hajime Isayama: ni mahali gani katika hadithi ile ulijikuta huwezi tena kusema kwa uhakika nani ana haki na nani ni adui? Mada inafichua mambo mpaka sura ya mwisho, hivyo ambaye bado anaisoma namshauri amalize kwanza ndipo arudi. Ubishi wa jitu lipi lina nguvu kuliko lipi una mada zake, tuuache huko.

Nianze mimi. Manga hii ilianza kuchapishwa Japani mwaka 2009 katika jarida la Bessatsu Shōnen Magazine, ikaisha Aprili 2021 ikiwa na sura 139 katika juzuu 34. Mwanzoni ulimwengu wake unaweza kuuchora kwenye karatasi moja: kuta tatu za duara, Maria nje, Rose katikati, Sina ndani, kila ukuta ukiwa na kimo cha mita 50, na nje yake majitu yanayokula watu. Mwaka 845 kwa kalenda yao, jitu la mita 60 linachungulia juu ya ukuta, linavunja lango la mji wa Shiganshina, na mtoto Eren Yeager anashuhudia mama yake akiliwa. Wasomaji wengi wanaikumbuka picha hiyo. Mimi kilichonikaa moyoni ni taarifa inayopita haraka baada yake: mwaka uliofuata serikali ilikusanya watu 250,000, wengi wao wakimbizi wa eneo la Maria, ikawatuma kwenda kuukomboa ukuta, na waliorudi walikuwa kama mia moja tu. Babu yake Armin, rafiki wa Eren, alikuwamo na hakurudi. Baadaye Kamanda Pixis, akiwa juu ya ukuta wa mji wa Trost, anawaambia askari wake waziwazi jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitamka, kwamba chakula hakikutosha, kwamba watu wale walipelekwa ili midomo ipungue, na kwamba waliobaki wako hai kwa sababu wenzao walikufa.

Nilitaka kumchukia mtu, hadithi ikaninyima wa kumchukia. Ilinipa ardhi iliyopotea, maghala yaliyopungua na watu wanaokula kwa kunyamaza. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba utata wa maadili katika manga hii unaanzia Marley, nchi ya ng'ambo inayoonekana baadaye. Umo tangu juzuu za kwanza, ndani ya hesabu ya chakula. Karibuni.

Mchangiaji, Kigoma

Ahsante kwa mada. Kwangu ni sura ya 86, katika juzuu ya 21, baada ya Eren na wenzake kuingia kwenye chumba cha chini cha baba yake na kusoma vitabu alivyoviacha. Ghafla unatolewa nje ya kuta na kupelekwa katika mtaa wa Liberio, nchini Marley, ambako Waeldia, watu wa kabila moja na wale wa ndani ya kuta, wanaoweza kugeuzwa majitu, wanaishi ndani ya uzio, wanavaa kitambaa mkononi, na hawaruhusiwi kutoka getini bila kibali.

Nimekulia katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, na kutoka nje ya kambi kulihitaji kibali. Mtoto wa kambini anakijua kile kikaratasi kabla hajajua kusoma. Anajua nani anacho, kinaisha lini, na mtu anatembeaje akiwa hana. Kwa hiyo Grisha mdogo alipomshika mkono dada yake Faye wakatoka kwenda kutazama ndege ya puto ikipita angani, nilijua kabisa ni aina gani ya furaha ile na hatari yake ni ipi. Wanakamatwa na askari wawili. Mmoja anampiga Grisha, mwingine anasema atamrudisha Faye nyumbani, na kesho yake mtoto anaokotwa akiwa maiti. Baba yao anaijua sauti ya kutumia mbele ya askari: anainamisha kichwa, anakubali maelezo yasiyokubalika, kisha anamgeukia mwanawe na kumfundisha kwamba mateso yao yametokana na dhambi za mababu zao. Ukurasa ule niliusoma polepole mno, kwa sababu wazee wanaozungumza kwa sauti ile nimewaona.

Kama Isayama angeishia hapo, ningechagua upande bila kusita. Lakini hakuishia hapo. Grisha aliyeumizwa anakua, anaingia katika harakati za siri, anamlea mwanawe Zeke kama silaha ya harakati hizo, na Zeke akiwa na umri wa miaka saba anawashtaki wazazi wake mwenyewe kwa serikali. Yule askari aliyempiga Grisha siku ile, Eren Kruger, anakuja kujulikana kuwa ni Mueldia aliyejificha, ambaye kwa miaka mingi amewakata vidole Waeldia wenzake na kuwageuza majitu ili siri yake isifichuke. Mtu huyo ndiye anayemkabidhi Grisha nguvu za kuendeleza mapambano. Nilijiuliza, na bado najiuliza, kama ningeweza kumpa mkono.

Mchangiaji, Mombasa

Mimi nitasema kwa ufupi. Ni sura ya 77, kifo cha Marco, askari mwenzake Eren. Kila mtu anaizungumzia sura ya 42, pale Reiner, askari mwenzao ambaye kumbe ni jasusi wa Marley, anapomwambia Eren kwamba yeye ndiye lile Jitu la Deraya, tena mchoraji akiyaweka maneno hayo pembeni kana kwamba ni soga za kupitisha muda. Sura ile ilinishtua, lakini sikuacha kumchukia Reiner. Sura ya 77 ndiyo iliyonivuruga: Marco amesikia siri, Reiner anambana na kumlazimisha Annie, jasusi mwenzake, amvue vifaa vyake vya kurukia, wanamwacha juu ya paa mbele ya jitu, kisha Reiner huyohuyo anatokwa na machozi na kuuliza kwa mshangao wa kweli kwa nini Marco analiwa. Akili yake imegawanyika, nusu askari rafiki wa Marco, nusu shujaa wa Marley. Uovu wake haupungui hata chembe kwa machozi yale, na machozi nayo ni ya kweli.

Mchangiaji, Muscat

Ndugu wa Mombasa, nakuelewa, ila mimi ni mama na mtoto aliyenishinda ni Gabi, msichana Mueldia aliyelelewa Marley kuwa askari. Wakati Gabi anamuua Sasha, askari mwenzake Eren, katika sura ya 105 nilikasirika kama wasomaji wengine wote. Kisha anatoroka gerezani na kufika kwenye shamba la wazazi wa Sasha, ambao wanalea mayatima, na msichana aitwaye Kaya anamlisha bila kujua kwamba ndiye aliyemuua dada yao mpendwa.

Kuna mahali Kaya anampeleka Gabi kwenye nyumba ambamo mama yake, mwenye miguu isiyotembea, aliliwa polepole huku mtoto akitazama. Anamuuliza mama yake alikosa nini. Gabi anajibu kama alivyofundishwa shuleni, kwamba mababu zenu waliua watu kwa maelfu ya miaka. Kaya anasema hayo ni ya zamani, mama yangu alizaliwa hapa, alikosa nini yeye? Gabi hana jibu. Jambo hili tunalifanya majumbani: tunawapa watoto majibu yaliyokamilika kuhusu watu ambao hawajawahi kuketi nao. Ndipo inapofika sura ya 111, mpishi Niccolo anampa baba yake Sasha kisu ili alipize, naye, mwindaji wa maisha yote, anakataa, akisema dunia hii ni msitu wa kuuana na watu wazima wanapaswa kuwazuia watoto wasirandierandie humo. Nililia. Lakini angalieni Isayama alivyo mkali: mara tu baada ya maneno hayo ya hekima, Kaya anashika kisu na kumrukia Gabi, na kinachomzuia ni mkono wa Mikasa, askari rafiki wa Eren.

Mchangiaji, Nairobi

Nawaheshimu wote waliotangulia, ila nina pingamizi. Utata wa maadili una mpaka, na naona baadhi ya wasomaji wameutumia kumwosha Eren. Mtu anayeyaamsha majitu yaliyofichwa ndani ya kuta zenyewe yakaikanyaga dunia na kuua asilimia 80 ya binadamu hana utata wowote; tendo lake lina jina. Mwandishi mwenyewe analijua: katika sura ya 131 Eren anamwokoa mvulana Ramzi na kipigo cha wachuuzi, kisha anapiga magoti na kumwomba msamaha kwa jambo atakalomfanyia baadaye, na mtoto haelewi lugha yake. Baadaye tunamwona Ramzi na ndugu yake wakikanyagwa. Ukurasa huo haukuachii nafasi ya kusema kuna pande mbili. Ndiyo maana maneno ya shukrani ya Armin kwa Eren katika sura ya mwisho yaliwaudhi wengi, nami nikiwamo.

Mwanzisha mada

Mkuu wa Nairobi, juu ya Ramzi tuko pamoja. Ila kuelewa jinsi Eren alivyofika pale si kumsamehe, na ulimwengu wote wa hadithi umejengwa ili kila hatua yake ionekane ina sababu mpaka ile ya mwisho isiyovumilika. Isitoshe, kurasa zilizoongezwa katika juzuu ya 34 zinaonyesha Paradis, kisiwa chenye zile kuta, ikija kuteketezwa kwa vita miaka mingi baadaye. Hata kile alichodai kukinunua kwa damu ile hakikudumu.

Mchangiaji, Mtwara

Naongeza jambo ambalo sijaona mtu akiligusa, la ramani. Mpaka katikati ya hadithi wahusika wa ndani ya kuta hawajaiona bahari kwa macho yao. Ramani ya dunia inapoonyeshwa hatimaye, igeuzeni juu chini na mtaitambua: kisiwa cha Paradis kina umbo la Madagaska, na bara lenye Marley lina umbo la Afrika. Nilikuwa nimeisoma manga nzima nikiwa moyoni mwangu ni mtu wa kisiwani, nazingirwa, nachukiwa, natamani kulipiza. Kwenye ramani, pwani yetu iko upande wa bara, upande wa Marley. Isayama alikulia Oyama, mji mdogo wa Oita uliozungukwa na milima, na amesema mazingira hayo yalimfanya atake kujua kuna nini upande wa pili. Mimi upande wa pili ndiko nilikoishia kujikuta, miongoni mwa watu wanaotazama upeo wa macho siku majitu yanapotokea baharini.

Sasa naisoma upya kuanzia sura ya 91, kwenye mahandaki ya vita vya Marley, nimfahamu kwanza Falco, mtoto mwenzake Gabi, na Gabi na Reiner aliyechoka, kisha ndipo nirudi sura ya 1. Aliyewahi kuisoma kwa mpangilio huo aniambie kama Reiner anabaki yuleyule.