Eti mashine imesoma kuliko mie na ukoo wangu!! Njooni msikie

Asalaam aleikum jamani, mikono inanitetemeka hata sijui naandika nini. Yule bosi wetu wa utafiti mnamjua, simtaji, yule wa miwani kichwani na mkoba wa semina ya mwaka juzi, yeyote aliyewahi kubeba dodoso kisiwani hapa keshakutana nae. Leo kanidhalilisha mbele ya kinamama arubaini, maji yamenifika magotini, simu iko laudspika.

Tuna kazi ya kuhoji wakulima wa mwani huku Micheweni, Pemba. Dodoso la Kiingereza, maswali 96. Nikamwambia nipe siku tatu nilitafsiri, akasema siku tatu za nini, mashine ya kutafsiri inamaliza kabla chai yako haijapoa. Na kweli haikupoa. Tukachapa nakala 200, tukangoja bamvua, maji yakatoka tukashuka na kinamama.

Swali la kwanza: "Je, kichwa cha nyumba yako ni cha kiume au cha kike?" Bi mkubwa mmoja akageuka akatazama paa lake kule juu, kisha akanitazama mie. Nikaruka. La pili: "Umelima bangi ya baharini kwa miaka mingapi?"

BANGI! Watu wazima hawa wanalima mwani tangu miaka ya 90, wamesomesha watoto kwa mwani huo, mie nawauliza bangi! Na ule ugonjwa wa mwani kuwa mweupe ukakatikakatika, kwa Kiingereza "ice-ice", dodoso linasema "Je, bangi yako imewahi kuugua barafu-barafu?" Halafu kuna pale walipotaka kusema wadau, imeandikwa "washika vigingi wote walishirikishwa?", kinamama wote wakanyoosha mikono maana kila mmoja kashika kigingi chake. Bi mkubwa akaweka chini kamba na taitai zake, vile vikamba vya kufungia mwani, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, umetumwa na polisi?"

Ndo nikampigia. Nikaweka laudspika nipate mashahidi, kumbe najichimbia kaburi. Bosi, tafsiri hii haifai. Akanijibu, nanukuu, "Mashine hiyo imesoma maandishi mengi kuliko wewe na ukoo wako." Kimyaaa. Kisha mmoja akacheka, kisha wote, wallahi wamecheka mpaka kaa wakaingia mashimoni.

Tena ati kashahakiki! Kachukua kile Kiswahili akairudishia mashine ILE ILE igeuze Kiingereza, ikatoka sawasawa, akaridhika. Yaani kamuuliza mwizi kama kaiba. Tafsiri inarejeshwa na mtu mwengine asiyeliona dodoso la mwanzo, ndo mnalinganisha, hilo hata mie wa cheti nalijua. Lakini hilo namsamehe. Ukoo wangu? Babu yangu kasomesha chuo miaka 30! Maji magotini! Laudspika!

Pweza_Mkavu: Hahahaaa nimepaliwa na urojo. Swali dogo tu yakhe, nakala 200 zimetoka kwenye printa mbele yako neno bangi hukuliona?

Mleta uzi: Nilikuwa napanga kurasa, sikuwa nasoma!!

Pweza_Mkavu: Basi ndo hapo mashine ilipokuzidi, yenyewe ilisoma.

Fundi_Namba: Mashine msiionee. Zamani zilikuwa zinaunga vipande vya maneno kwa kuhesabu vipi hukutana mara nyingi, ila kuanzia 2016 Google walipohamia mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza kwa mifano mingi, inatazama sentensi nzima, ndo maana Kiswahili chake kinateleza kama samli hata kikiwa uongo. Lile neno la Kiingereza la mwani, "seaweed", lina "weed" yaani magugu ndani yake, na magugu kwa lugha ya mtaani kwao ndo bangi. Maandishi ya Kiswahili ya mwani ni kidogo, ikabahatisha. Na majigambo haya hayakuanza leo. Mwaka 1954 IBM na Chuo Kikuu cha Georgetown walionesha mashine New York inageuza sentensi sitini na kitu za Kirusi, msamiati wake maneno 250 tu, wakasema miaka mitano, labda mitatu, kazi imekwisha. 1966 kamati ya Marekani ikaja kusema mtu wa kutafsiri ana gharama ndogo na uhakika zaidi kuliko mashine, fedha za utafiti huo zikakauka.

Mwana_wa_Tumbe: 1954 si babu yake alikuwa chuoni? Wangemuita tu.

Bi_Karafuu: Mie sitaki kuisema vibaya, imenisaidia kusoma makala za Kiindonesia za mwani, wale wenzetu wanalima kwelikweli. Naisoma kwa mashine nijue inahusu nini, ikinifaa natafuta mtu. Ila nilishaumia mara moja, jedwali limeandika gramu 1,250, kwao koma hiyo ndo nukta ya desimali, maana yake gramu moja na robo. Mie nikaandika elfu moja mia mbili na hamsini na nikasimama mbele za watu kuieleza.

Mleta uzi: Pole dada. Ila wewe hukuwa na maji magotini.

Mke_wa_Nahodha: Nyie wa madodoso nyote hamfai. Mwaka huu nimehojiwa mara nne, kila anayekuja ananiuliza nina mbuzi wangapi, majibu ya utafiti hata siku moja sijayaona. Mbuzi mwenyewe mmoja na keshachoka kuhesabiwa.

Pweza_Mkavu: Afadhali wewe unahojiwa. Mie nimebeba dodoso miezi miwili, posho "iko kwenye mchakato" tangu kabla ya Ramadhani.

Mwana_wa_Tumbe: Mchakato huo huo ndo umekula nauli yangu ya boti.

Mke_wa_Nahodha: Na bei ya mwani mbona hamuulizi? Mbuzi tu!

Karanga_za_Chake: Samahani kuingilia, hizo nakala 200 mmezifanyaje?

Mleta uzi: Zimo kwenye boksi kwangu. Lakini hapa tunazungumzia udhalilishaji.

Karanga_za_Chake: Zimechapwa upande mmoja au pande mbili?

Mleta uzi: Mmoja.

Karanga_za_Chake: Nakuja baada ya Alasiri, usimpe mtu.